Majina ya benzeni, watoto wanakaririshwa tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma sana. Nafundisha tuisheni ya kemia, juzi kijana kaniletea daftari ameandika 1-kloro-5-nitrobenzeni, nikamuuliza hii umeitoa wapi, akasema ndivyo ilivyo kwenye noti alizopewa darasani. Jamani! Benzeni ni pete ya kaboni sita, na namba kwenye jina zinaonyesha kila kundi lililoshikamana na pete, kama kloro au nitro, liko kwenye kaboni ipi. Pete haina mwanzo wala mwisho, wewe ndo unaamua uanzie wapi na uzunguke upande gani, ila lazima uchague njia inayotoa namba ndogo. Nikamwambia chora, weka kidole kwenye kaboni yenye kloro, hesabu kwenda kulia, akaikuta nitro kwenye tano. Haya rudia kwenda kushoto, akaikuta kwenye tatu. Basi ni 1-kloro-3-nitrobenzeni, na kloro imepewa moja kwa sababu kwenye alfabeti inaitangulia nitro.

Halafu kuna hizi orto, meta na para, maneno yanayowekwa kwenye jina badala ya namba. Ni za makundi mawili tu, yaani 1,2 na 1,3 na 1,4, yakishafika matatu unarudi kwenye namba, lakini mtoto anaambiwa akariri bila kuonyeshwa kitu. Ile "para" ya parasetamoli ndo hiyohiyo, haidroksili (OH) iko upande mmoja wa pete na lile kundi lenye nitrojeni liko upande wa pili kabisa, 1 na 4, na wanafunzi wangu nikiwachorea hiyo hawaisahau tena.

Kinachowachanganya zaidi ni majina ya zamani kama tolueni, fenoli na anilini, ambayo bado yanatumika. Tolueni ni benzeni yenye kundi la methili (CH3), kwa hiyo ukianzia kwenye tolueni, ile methili inashika namba 1 moja kwa moja, ndo maana kile kilipuzi TNT ni 2,4,6-trinitrotolueni, ila ukianzia kwenye benzeni kitu hichohicho kinakuwa 2-methili-1,3,5-trinitrobenzeni, sasa mtoto ambaye hajachora anadhani ni kampaundi mbili tofauti na ana haki ya kudhani hivyo.

Walimu wenzangu, nawaomba kila jina mnaloandika kwenye noti lichorewe pete yake pembeni, hata kwa mkono, haichukui dakika. Yule kijana alikaa akachora daftari zima jioni hiyo, kakuta majina mengine manne yamehesabiwa kwa njia ndefu.

Mwalimu wa tuisheni