Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tupimeni viuno

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani na ni mgonjwa wa kisukari aina ya pili, kwa hiyo habari za viuno nazijua kwa pande zote mbili.

Kliniki tunapimwa uzito, presha na sukari, tunapewa vidonge vya kisukari vya metfomini, tunarudi nyumbani. Naomba kiongezwe kipimo cha kiuno. Kinahitaji futikamba tu.

Wengi wetu tunadhani mafuta ya tumboni ni akiba iliyolala. Tangu 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoitambua leptini, inajulikana kwamba mafuta nayo hutoa homoni. Leptini huuarifu ubongo kuwa akiba ipo, mtu apunguze kula. Mnene anayo tele, ila ubongo wake umekuwa kama jirani wa mashine ya kusaga, hausikii tena. Mimi iliyonishangaza zaidi ni adiponektini. Hutengenezwa na mafuta yenyewe na huusaidia mwili kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, lakini kitambi kikikua, adiponektini hupungua! Juu ya hayo, mafuta yanayozunguka utumbo na ini hutoa kemikali zinazoizuia insulini kufanya kazi yake. Haya hatuelezwi. Tunaambiwa tuache sukari kwenye chai. Kitambi hakitajwi, labda kwa adabu, maana huku bado ni dalili ya neema.

Mzani nao hautoshi. Nina wateja wa mikono myembamba na uzito wa kawaida, tumbo limetangulia. Wala msimwulize mtu namba ya suruali yake. Mwenye kitambi hushusha mkanda chini ya tumbo, namba ikabaki 34 miaka nenda miaka rudi, huku shati likidai kitambaa zaidi. Kipimo cha kitabibu hupita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ameshatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani (wanaume tunavuta, nawajua). Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linataja kikomo cha sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kwa sisi Waafrika viwango hivyo vimeazimwa kwa Wazungu, hivyo visiwe vya kumtishia mtu. Bora kiuno chake kiandikwe kwenye kadi, kilinganishwe na cha kliniki iliyopita.

Wanawake wapimwe na muuguzi wa kike, nyuma ya pazia. Bila hivyo mama zetu watakataa, na watakuwa na haki.

Siombi mtupime leptini. Hicho ni kipimo cha watafiti, na majibu yake hayambadilishii dawa mgonjwa wa kawaida. Ninachoomba ni maelezo pamoja na futi. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotangazwa 2017, ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliosaidiwa kupunguza uzito walifikisha mwaka bila dawa, sukari ikiwa chini ya kiwango cha kisukari. Lakini walikuwa wameugua kisukari kwa miaka isiyozidi 6, hawakuwa wakitumia insulini, na dawa zao zilisimamishwa chini ya uangalizi. Wauzaji wa dawa za kuyeyusha kitambi wanaopita vibarazani kwetu wanakata nusu ya pili ya habari kama hizi. Heri tuisikie nzima kutoka kwenu, kabla mtu hajatupa vidonge vyake.

Jambo moja la ufundi: futikamba ya kitambaa ikizeeka hurefuka, na kiuno kitaonekana kimepungua kumbe wapi. Zibadilishwe. Muuguzi anayetaka kuonyeshwa namna ya kuishika isilegee wala isibane aje barazani kwangu siku yoyote, isipokuwa Ijumaa mchana. Wiki ya Idi msinitafute kabisa.

Wako,
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga