Mbona kiboko amelala tu? Majibu kwa wazazi

"Kiboko yuko majini tu, pua juu. Hiyo ndiyo pesa yangu?" Lawama hii tumeizoea. Kazi yetu ni kuwatembeza watoto wa shule na madrasa pale Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, Mombasa, na mzazi aliyelipa ana haki ya kuuliza mwanawe kaona nini.

Jibu fupi ni kwamba mlikwenda saa sita mchana. Ngozi ya kiboko hukauka upesi juani, ndiyo maana hushinda majini na kutoka usiku kula nyasi. Mkimwahi jioni akiwa nje, huenda mkaona ute mwekundu mgongoni mwake, na hapo watoto hupiga kelele, "Damu!" Si damu, wala si jasho hasa, ni majimaji ya ngozi yanayomkinga na jua. Mamba naye akiachama kinywa hatishi mtu, anapunguza joto. Mwili wake haujitengenezei joto kama wetu, basi mchana kutwa ni kuhama juani na kivulini. Ukimkuta katulia tuli, ujue yuko kazini.

Kwa hiyo safari za saa tano tumezifuta. Sasa twaondoka mjini saa moja na nusu asubuhi au saa nane na nusu mchana. Ya asubuhi ndiyo bora: foleni ya Daraja la Nyali huwa yaingia kisiwani, sisi twatoka.

Kitu ambacho wazazi hawakiulizi, na kwetu ndicho kikubwa, ni ardhi yenyewe. Hapo palikuwa chimbo la mawe la kiwanda cha saruji, mwamba mtupu usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, alianza kupanda miti. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Lakini majani yake membamba yalidondoka yakarundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo, wale weusi wenye miguu myekundu. Wakayatafuna, na mavi yao yakawa udongo. Mwaka 1984 wageni wakaanza kuingia.

Twamwambia mtoto achutame asogeze majani kwa kijiti. Juu ataona yaliyokauka, ya kahawia. Chini yake yaliyomegekamegeka. Chini kabisa weusi laini unaoganda kidoleni, na labda jongoo kajiviringisha. Wengine hapo huwaondoi, hata kwa twiga.

Mabuyu na viazi karai hubaki garini. Tumbili akionja mara moja huanza kunyang'anya, na aking'ata, hiyo ni safari ya hospitali na sindano. Na kobe je? Kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe Mzee, kimewafanya watoto waone kobe ni wa kukumbatiwa na kupandwa. Gamba lake limeshikamana na mbavu na uti wa mgongo, na ukiligusa anahisi. Picha ya mtoto juu ya kobe hatupigi, hata ukituongeza pesa.

Kuweka nafasi, tupeni siku tatu kabla, idadi ya watoto na umri wao. Ada ya mlangoni hulipwa kando, si yetu. Watoto wavae viatu vya kufunika vidole, na kila watoto kumi waje na mwalimu mmoja.