Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Walimu wa Michezo wa Shule za Msingi, 2025

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, mimi nayaacha. Naanza na lawama iliyozunguka tangu Juni, kwamba kamati hii inapenda mabonanza kuliko makombe.

Ni kweli, soka wavulana tuliishia wilayani, na UMITASHUMTA, mashindano ya taifa ya shule za msingi, yaliyofanyika Iringa tukayasikiliza redioni. Netiboli walifika mkoa. Lakini tuhesabu pamoja. Soka wanaingia uwanjani 11, netiboli 7. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika. Shule ikiwaachia mipira yote hao 18 na wa akiba wao, mamia wanaobaki kazi yao ni kushangilia na kufyeka nyasi za uwanja.

Ndiyo maana tulianzisha ligi ya madarasa. Uwanja mmoja tuliugawa vipande viwili, saba kwa saba, magoli ya miti, na kila mtoto, mwenye viatu au peku, alicheza angalau kipindi kimoja. Waliokwisha kuchaguliwa timu ya kata tuliwapa filimbi. Hilo lilinifurahisha kuliko yote: kelele za kumzomea mwamuzi zilipungua, maana kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Na yule mfungaji wa netiboli aliyetuvusha wilayani hakuwamo kwenye orodha ya mwalimu yeyote. Alionekana kwenye mechi ya Darasa la Tano.

Mpira wa goli kwa wanafunzi wasioona haujaanza. Tunatafuta mpira wenye njuga, wausikie unapobingirika.

Kuhusu mamluki, shule sitaitaja. Kumvalisha kijana wa sekondari jezi ya Darasa la Saba ni kumpora mtoto nafasi yake, hata kombe likija. Kuanzia sasa fomu na picha zitakaguliwa kabla ya mechi za kata, tusingoje rufaa.

Wanaolalamika kwamba kambi ya maandalizi ya timu ilipunjwa wana hoja. Mipira ilichakaa kwenye ligi, na hela ya mechi za kirafiki haikuwapo. Kamati inapendekeza mchango wa shule ugawanywe mifuko miwili, wa ligi na wa kambi, na mmoja usikopwe kuziba mwingine. Baadhi ya walimu wakuu wanataka kambi ichukue fungu lake kwanza. Mimi napinga, ila kura ni zenu. Tutazipiga kwenye ajenda namba 5, mara baada ya hesabu kusomwa.