Tiketi Nzima kwa Nusu ya Hadithi

Mhariri,

Msimu wa filamu kubwa za kiangazi wa mwaka 2023, uliofunguliwa mapema mwezi Mei na kufikia ukingoni wiki ya kwanza ya Septemba, umezungumzwa mno kuwa ni msimu wa mwanasesere na bomu, kwa kuwa Barbie, ya mwanasesere, na Oppenheimer, ya mwanasayansi aliyeongoza uundaji wa bomu la atomiki, zilitoka siku moja, tarehe 21 Julai, na kumbi zikafurika. Nilizitazama zote mbili na nilitoka nimeridhika. Naomba hata hivyo nafasi katika ukurasa wako nilizungumzie jambo jingine, ambalo limenikera tangu Mei na ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili: studio zimezoea kumuuzia mtazamaji tiketi nzima kisha zikampa nusu ya hadithi.

Msimu huu tumeuziwa nusu tatu. Fast X, iliyotoka mwezi Mei, inaisha mhusika wake mkuu, Dominic Toretto, na mwanawe wakiwa chini ya bwawa lililotegwa mabomu. Spider-Man: Across the Spider-Verse, iliyotoka tarehe 2 Juni, inamwacha Miles Morales, kijana ambaye ndiye Spider-Man, amefungwa katika ulimwengu usio wake, akitazamana na kijana mwenye sura kama yake. Halafu Julai ikaja Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One, dakika 163 za kuusaka ufunguo, na ufunguo unapopatikana tunaambiwa kwamba kinachofunguliwa nao kiko chini ya bahari, katika filamu nyingine. Hii ya mwisho angalau ilijitambulisha kwa jina lake kuwa ni sehemu ya kwanza, na aliyenunua tiketi alijua anachonunua. Filamu ya Spider-Man nayo ilitangazwa mwanzoni ikiwa na maneno hayo hayo katika jina lake, lakini mwaka 2022 yakaondolewa, na watu wengi wakaingia ukumbini wakiamini kwamba wanakwenda kuona hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Nilikuwa miongoni mwao. Muziki ulikuwa umepanda, Gwen, rafiki yake Miles, anakusanya kikosi cha kwenda kumwokoa, ukumbi mzima umejisogeza mbele vitini, ndipo skrini ikawa nyeusi na maandishi yakatuambia kwamba hadithi itaendelea. Mtoto aliyeketi mbele yangu alimgeukia baba yake akamwuliza, "Imeisha?" Baba akamjibu, "Ngoja kidogo." Wakangoja. Majina ya mafundi yalipita yote, mamia kwa mamia, taa zikawaka, na wale wawili walikuwa bado wameketi pale wakiitazama skrini isiyo na kitu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hiyo ndiyo filamu niliyoipenda kuliko zote za msimu huu. Kila ulimwengu ndani yake umechorwa kwa mkono wake tofauti, na ule wa Gwen umepakwa rangi za maji zinazobadilika kadiri moyo wake unavyobadilika: anapozungumza na baba yake chumbani, kuta zenyewe zinachuruzika rangi nyuma yao, na wanaposogeleana rangi zinapata joto. Wachoraji wenye uwezo wa kufanya hivyo hawakuhitaji kutushika kwa kamba ya "itaendelea". Tungerudi wenyewe kwa hiari yetu.

Ilinganishe na namna Oppenheimer inavyolipa madeni yake. Mapema kabisa tunaonyeshwa Oppenheimer na Einstein wakizungumza kando ya kidimbwi. Tunawaona kwa mbali, hatusikii neno, na Lewis Strauss, kiongozi wa serikali atakayekuja kuwa hasimu wa Oppenheimer, anayewatazama anajiaminisha kwamba wanamsengenya. Shaka hiyo inamla kwa miaka. Filamu inakwenda saa tatu, inapita jangwani New Mexico, inapita katika vikao vya kumhoji mtu hadi heshima yake ikaisha, ndipo mwishoni inaturudisha pale kidimbwini na kutusikilizisha maneno yenyewe, na tunatambua kwamba Strauss hakuwamo kabisa katika mazungumzo yale. Saa tatu ni nyingi, lakini hakuna aliyetoka akidai salio lake. Barbie nayo ni nyepesi kuliko hiyo na inahubiri kupita kiasi katika nusu yake ya pili, lakini safari ya mhusika wake inafika. Ile dakika anapoketi kituoni karibu na mwanamke mzee, akamwambia kwamba ni mzuri, na yule mama akajibu kwa furaha kwamba analijua hilo, inaeleza kwa nini mwanasesere atachagua mwishoni kuwa binadamu anayezeeka.

Nafahamu kwamba nitajibiwa kuwa hadithi za mfululizo si jambo geni. Ni kweli. The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, katika mfululizo wa Star Wars, ilituacha na Han Solo amegandishwa, lakini shujaa wake, Luke, alikuwa amekwisha kumjua baba yake na amelipa gharama ya kujua. Sura hiyo ilifungwa kabla ya nyingine kufunguliwa. Wala sisemi kwamba mwisho peke yake unatosha kuiokoa filamu. Indiana Jones and the Dial of Destiny ilikuwa na mwisho kamili, iligharimu karibu dola milioni 300, na haikuniachia chochote cha kukumbuka. Sizungumzii mapato pia, maana hiyo nusu ya Spider-Man imeingiza fedha nyingi kuliko filamu nzima iliyoitangulia mwaka 2018. Pengine hapo ndipo tabu ilipo: mchovya asali hachovyi mara moja, na studio zikishaona kwamba nusu inauzika, zitatugawia robo.

Tena nusu ya pili haina mdhamini. Waandishi wa miswada wa Hollywood waligoma kuanzia tarehe 2 Mei 2023, waigizaji wakaungana nao tarehe 14 Julai, na mimi niliunga mkono madai yao, kwa sababu wao ndio wanaotutungia na kutuigizia hadithi hizi ilhali malipo yao hayakulingana na biashara inayofanywa kwa jasho lao. Lakini mwishoni mwa Julai, sehemu ya pili ya safari ya Miles Morales, tuliyokuwa tumeahidiwa Machi 2024, iliondolewa kwenye ratiba bila kupangiwa tarehe nyingine. Yule mtoto aliyeambiwa angoje kidogo anaweza kuwa amebalehe kabla hajajua kilichompata Miles.

Gazeti lako linapochapisha hadithi kwa sehemu, huandika wazi chini yake kwamba itaendelea, na humtajia msomaji toleo la kulisubiri. Studio zinaweza kuandika hivyo hivyo kwenye bango, kwa herufi zinazosomeka. Na kwa kuwa zimeonyesha kwamba hazitaki, nakuomba wewe, Mhariri, uwaagize wahakiki wako watuambie katika kila uhakiki, bila kutufichulia mwisho, kama mwisho huo upo.

Ni mimi msomaji wako,
Mpenzi wa sinema