Usinunue pampu kwanza

South B, Nairobi
Jumapili, baada ya magharibi

Shoga yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya mwisho nilicheka peke yangu jikoni. Ulivyoliigiza hilo gari ni langu mtupu la mwaka jana! Unakanyaga mafuta, linakaa kimya kama mtu aliyeitwa usingizini, kisha linaruka ghafla hadi abiria anashika dashibodi. Basi kabla hujampa fundi wako hela za pampu ya mafuta, nisome.

Nianze na shemeji, anayesema gari liliharibiwa na hewa ya Nairobi mlipokuja Agosti. Kidogo ana haki. Huku tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kuliko yenu ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Kompyuta ya gari huyapunguza mafuta yalingane na hewa iliyopo, lakini hewa yenyewe haina pa kuitoa. Ndiyo maana mlipoiacha Mtito Andei mliliona zito vilimani, na hilo halina dawa. Lakini gari lililopungukiwa nguvu huitika palepale, ila kwa unyonge. Lako linanyamaza kwanza. Tena linanyamaza hata hapo Buxton, na bahari iko pua na mdomo. Mwulize shemeji hewa ya Buxton imefanya nini.

Langu lilinianza kwenye raundabauti ya Bunyala. Unaijua foleni ya pale asubuhi: unangoja upenyo, ukiupata unakanyaga, na matatu iliyo nyuma yako inapiga honi kabla hata hujaondoka. Siku hiyo nilikanyaga, gari likakaa. Nikawa nimefunga njia nusu, nusu ndani nusu nje, huku makanga ananitolea maneno ambayo mama yako asingetaka niyaandike. Nikalipeleka gereji moja. Wakabadilisha plagi. Wiki iliyofuata filta ya mafuta. Kisha wakasafisha noseli, kisha wakaniambia ni pampu, nikanunua pampu. Elfu thelathini ilikwenda hivyo kidogo kidogo, na Bunyala likaendelea kukaa.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Kirinyaga Road, hana hata kibao cha jina, vifaa vyake viko ndani ya debe la rangi. Hakufungua boneti. Aliniuliza, "Linakosa ukianza kukanyaga, au ukiwa umeshakanyaga muda?" Nikasema nikianza tu, likishashika halina neno. Akasema basi pampu haihusiki. Pampu iliyochoka, filta iliyoziba, au ekzosi iliyoziba ndani hujionyesha injini inapotaka mafuta mengi mfululizo, kama ukipanda mlima kwa kasi: linakwenda, linakwenda, halafu linaishiwa. Linalokwama mwanzoni kabisa, pale mguu unapoligusa tu, tafuta kwingine.

Akaanza na vya bure. Alivuta kebo ya pedali ya mafuta kwa vidole viwili aone kama imelegea, maana ikilegea unakanyaga hewa kwanza. Ilikuwa sawa. Akapapasa mipira midogo inayotoka kwenye injini, mmoja mmoja, akiikunja aone kama ina nyufa. Alishughulika sana na ule unaokwenda kwenye sensa ya kupima mgandamizo wa hewa. Ukipasuka, kompyuta hudhani injini imebeba mzigo, inamwaga petroli, unaona moshi mweusi na gari linanuka mafuta. Wangu ulikuwa mzima.

Ndipo akatoa mita. Si hizi za namba, ni ya mshale, ya zamani, kioo kimefungwa kwa selotepu. Akawasha swichi bila kustati injini, akachomeka pini nyuma ya soketi ya sensa ya throto, kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kwenye waya unaopeleka habari kwa kompyuta, na pini nyingine kwenye waya wa ethi. Akaniambia, "Wewe tazama mshale, usinitazame mimi." Akaanza kufungua throto kwa mkono, polepole mno. Mshale ulikuwa nusu volti. Ukapanda kidogo... ukaanguka hadi chini kabisa, ukaruka kurudi, halafu ukapanda vizuri hadi karibu na volti nne. Akarudia mara tano. Mara zote tano ukaanguka palepale, mwanzoni. Mita ya namba ingeweza kupitwa na mchezo ule, maana namba hubadilika kwa kuchelewa.

Mle ndani ya sensa, shoga, mna mkanda wa kaboni na kijimkono kinachoteleza juu yake. Unaikumbuka redio ya babu, ukizungusha sauti inakwaruza mahali pamoja tu, pale ilipozoea kukaa? Ni kitu hichohicho. Miaka yote ile ya foleni, mguu wangu umekaa sehemu ileile, mafuta kidogo, breki, mafuta kidogo, hadi mkanda ukalika hapo. Kompyuta nayo huangalia jinsi volti inavyopanda: ikiona inapanda haraka inajua umekanyaga, inaongeza petroli papo hapo. Ikiona imeanguka inadhani umeachia. Mguu unasema nenda, waya unasema simama.

Na taa ya injini haikuwaka hata siku moja. Hilo ndilo lililonichanganya. Kwa Toyota za umri wa langu, ukiunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha chini ya boneti, taa hupepesa namba ya kosa, na ya sensa hiyo ni 41. Lakini huja waya ukikatika au kugusana. Kuteleza kwa nukta moja hakuandikwi.

Sensa nyingine tuliitafuta kwenye maduka ya spea zilizovuliwa Japani. Mzee hakukubali nilipe kabla ya kuipima. Ya kwanza mshale ulicheza chakacha, ya pili ukapanda laini kama maji. Hufungwa kwa skrubu mbili tu, ila matundu yake ni marefu, kwa hiyo lazima ilengwe kwa mita, si kukazwa popote.

Sasa lako. Wewe huna foleni ya miaka, una chumvi. Chomoa ile soketi ya sensa uangalie pini zake: zikiwa na ukungu wa kijani, zisafishe kwanza, huenda ukamaliza hapo bila senti. Kisha kebo, mipira, halafu mita. Na fundi akishikilia pampu, mwambie aweke geji ya kupima mgandamizo wa mafuta mbele yako: injini ikiunguruma, ule mpira mdogo wa hewa wa regyuleta, kidhibiti cha mgandamizo huo, uchomolewe na uzibwe, Toyota nyingi za aina zetu husoma kati ya psi 38 na 44. Ikisoma hapo, si pampu inayolikwamisha pale mwanzoni, na yeye ana shida ya hela.

Mita ya mshale nimeinunua kama ile ya mzee. Nimeifunga kwenye kanga ya zamani, anakuja nayo dereva wa basi la usiku wa kesho. Nitakutumia namba yake. Kanga nirudishie, ni ile ya harusi yako.

Msalimie shemeji, na usimsomee ile sehemu ya Buxton nikiwa sipo.

Wako wa siku zote