Hedhi nzito si ya aspirini

Mhariri,

Mwanamke mwenye hedhi nzito akienda duka la dawa huuziwa cha kutuliza maumivu, pengine aspirini. Hiyo hupunguza uwezo wa damu kuganda, kwa hiyo yaweza kumzidishia. Afadhali ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu, miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya kula, aianze siku ileile damu inapotoka. Mwenye vidonda vya tumbo aiepuke.

Yenye nguvu zaidi ni asidi ya traneksamiki: vidonge 2 vya miligramu 500 mara 3 kwa siku, visizidi siku 4. Si homoni, huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni asiiguse. Kitanzi (kinachowekwa ndani ya kizazi kuzuia mimba) chenye homoni ya levonojestreli hupunguza damu kuliko vyote hivyo, lakini kile cha shaba huiongeza, na watu huvichanganya mno!

Ila kabla ya kidonge chochote, kipimo cha mimba, kisha cha wingi wa damu. Chanzo chaweza kuwa faibroidi (uvimbe wa kizazi), polipu (vinyama vya kizazi), ugonjwa wa tezi ya shingo, sindano ya uzazi wa mpango, au ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, hasa kwa binti aliyeanza hivyo tangu hedhi ya kwanza. Aliyepita miaka 45 na hedhi ikabadilika achunguzwe utando wa ndani wa kizazi.

Pedi ikijaa kila saa, au mabonge yakizidi sarafu ya shilingi 500, kituo cha afya siku hiyohiyo. Na aliyepungukiwa damu akipewa vidonge vya madini ya chuma, asivimeze kwa chai.

Mkunga,
Jinja