Andikeni majina nyuma ya picha, wazee bado wapo

Ndugu Mhariri,

Assalam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua barua yangu ndefu lakini jambo hili limenikaa moyoni tangu Ramadhani ilopita na nisipolisema ntajilaumu.

Tulikuwa tunatoa vitu ndani ili nyumba ipakwe rangi kabla ya Sikukuu, likatolewa kasha la marehemu bibi lilokuwa uvunguni miaka na miaka. Ndani mna picha kama 60 hivi na bunda la barua za herufi za Kiarabu, Kiswahili kabisa kile ila kimeandikwa kwa Kiarabu kama walivokuwa wakiandika wazee, na chini ya kila barua mtu kaweka jina lake kwa mkono wake. Mimi nikasafiri siku mbili tu. Narudi nakuta barua zishachomwa pamoja na mikeka mibovu, nauliza naambiwa nani anazisoma hizo. Picha zimesalimika lakini hata moja haina jina nyuma. Mna mwanamke mmoja kavaa kanga zake mbili na kipini puani, anaitazama kamera bila woga wowote, na ukoo wetu mzima hakuna anomjua. Nimezunguka naye kwenye simu nyumba zaidi ya 10, yule mtu ni damu yangu na simjui jina.

Toka hapo nikawa nasoma habari za familia zilizohifadhi vitu vyao, nikaanzia na ya Sayyid Said, yule Sultani wa Unguja na Omani, maana ndo iliyo karibu na sisi. Na humo nikamkuta Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, kazaliwa Mtoni 1844, kila mtu hapa anamjua kwa ile habari ya kutoroka akaolewa na Mjerumani lakini mimi lililonigusa ni jengine. Zama zile watoto wa kike wa jumbani walifunzwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye akauchukua msahafu akawa anaiga herufi moja moja kwa siri juu ya bega la ngamia, ule mfupa mpana ndo uliokuwa ubao wao. Akajua. Na kujua kwenyewe ndo kukamponza, maana 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Sultani Majid zikahitajika barua za siri, wa kuziandika nani? Salme, mtoto wa miaka 15, kwa mkono ule ule alojifunza kwenye mfupa. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katengwa na nusu ya ndugu zake.

Baadae ndo akaondoka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofata, wakaenda Hamburg, na 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu akamwachia watoto watatu wadogo. Ile picha yake maarufu kavaa nguo za jumbani, hereni na mikufu, hiyo ilipigwa studio huko huko Hamburg, Ulaya kwenye baridi, kavaa Unguja yake mwilini. Mimi kila nikiiangalia naona mtu anosema msinisahau.

Alafu kuna hili, Mhariri. 1875 Barghash, ambaye sasa ni Sultani, kaenda Uingereza kwa ziara ya kiserikali na akapigwa picha London, zipo mpaka leo, kakaa na kilemba na upanga wake. Salme nae kafika London wakati huo huo ili aonane na kaka yake. Wakubwa wa Kiingereza wakamzuia, wakamwahidi watoto wake watatizamwa masomo yao akikubali asimwone, na ahadi yenyewe haikutimizwa. Kwa hiyo ukiziona picha zile za Barghash jua kwamba dada yake alomwandikia barua za siri alikuwa mji huo huo na hawakuonana. Hayo picha peke yake haikwambii, tunayajua kwa sababu dada mtu aliandika, na alivoandika havikutupwa.

Havikutupwa kwa sababu ya mwanawe wa kiume, Rudolph Said-Ruete. Alikusanya maandishi ya mama yake, barua, picha za ukoo, vitabu vya habari za Unguja na Omani, akaandika na kitabu cha maisha ya babu yake Sayyid Said kikatoka 1929, na mkusanyo wote mwisho akaukabidhi Leiden, Uholanzi, na upo chuo kikuu cha huko hadi sasa. Mtoto alozaliwa Hamburg ndo alotuwekea.

Na Ahmad bin Naaman je? Huyu Sayyid Said alimtuma Marekani, katoka Unguja Februari 1840 na merikebu Sultana, karafuu, pembe za ndovu, tende, kahawa na ngozi tele ndani, akatia nanga New York tarehe 30 Aprili. Zawadi za farasi na lulu alizompelekea Rais Van Buren katiba yao haikumruhusu azipokee ziwe zake, zikawa mali ya serikali. Lakini watu wa New York walimpenda yule mzee, mchoraji Edward Mooney akamchora na kilemba chake na ndevu zake, na picha hiyo ipo makumbusho ya Salem huko huko Marekani, mji ule ule ambao wafanyabiashara wake walikuwa wakija hapa kununua pembe na sandarusi na kutuletea vitambaa vya merikani. Ni balozi wetu na uso wake tunaujua kwa hisani ya wageni.

Wapo wanaosema vyote virudishwe. Mimi kwa sasa siendi huko, Beit al-Ajaib, jumba letu la makumbusho, iliporomoka upande mmoja 25 Desemba 2020 na watu wakafariki, tutengeneze kwanza pa kuweka. Nnachoomba wahusika wafanye ni kuandikiana na Leiden na Salem tupatiwe kopi nzuri, kubwa, zitundikwe maskulini, mtoto wa darasa la tano amjue Ahmad bin Naaman kwa sura na auone mwandiko wa Bibi Salme kwa macho yake.

Na sisi majumbani tusingoje serikali. Barua msichome hata kama huwezi kuisoma, wapo wanaoweza, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani wapo watu wa kazi hiyo. Picha geuza nyuma uandike jina, mtoto wa nani, wapi, kwa penseli laini na usikandamize, sio kwa peni maana wino unapenya mpaka usoni.

Mimi kesho baada ya l-asiri naenda Kikwajuni kwa bi mkubwa mmoja alokuwa shoga wa bibi yangu, ana miaka 91, macho hayaoni vizuri lakini wajukuu zake wanasema ukimkuzia picha kwenye simu anamtambua mtu. Nakwenda na picha zote 60, na yule wa kipini namtanguliza mwanzo.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Zanzibar